Mlinzi wa Roma au mporaji wa Laterano? Jibu kuhusu Isaac, gavana wa Ravenna

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafanya kazi Bologna, na majuzi nilikwenda Ravenna kutembea. Katika kanisa la San Vitale tulioneshwa jeneza la mawe la gavana wa Bizanti aliyeitwa Isaac. Mtembezaji wetu alitutafsiria maandishi ya Kigiriki yaliyo kwenye kifuniko: kwamba huyu bwana aliilinda Roma na nchi za magharibi zisidhurike kwa miaka kumi na minane. Niliporudi nyumbani nikasoma kwamba Isaac huyohuyo aliingia kwenye jumba la Papa akalipora kwa siku nane. Sasa nimwamini nani, jiwe au kitabu?

JIBU: Marahaba. Amini vyote viwili. Jiwe halikudanganya, na kitabu hakikumsingizia. Kuilinda Roma katika miaka ya 630 kulitaka pesa za kulipa askari, na pesa zilizokuwa karibu kuliko zote zilikuwa zimefungiwa Laterano, nyumbani kwa Papa. Isaac akazichukua. Kilichobaki ni kueleza mtumishi wa kaisari Mkristo alifikaje hapo, na jambo hilo lilivyomrudia.

Tuanze na cheo chake. Kwa Kigiriki aliitwa eksarko. Ukitaka picha ya haraka, mfikirie liwali wa sultani kwenye mji wa mwambao zamani: bwana wake yuko ng'ambo ya bahari, yeye ndiye anayehukumu na kuamuru askari, na barua ya kuomba msaada inakwenda kwa chombo, jibu likirudi mambo yameshaharibika. Ila eksarko alikuwa na mamlaka makubwa kuliko liwali yeyote. Alishika jeshi na serikali kwa pamoja, mambo mawili ambayo makaisari wa Roma, tangu karne ya nne, walikuwa waangalifu kutompa mtu mmoja. Walilazimika. Walombardi, kabila la Kijerumani, waliingia Italia mwaka 568, na ndani ya miaka michache dola la Bizanti, yaani dola la Warumi wa mashariki lililotawaliwa kutoka Konstantinopoli, likabaki na vipande tu: Ravenna na mabwawa yake, Roma, Napoli, pwani ya Venetia, pwani ya Liguria, na ncha za kusini. Kati ya Ravenna na Roma palibaki ujia mwembamba wa ardhi uliopita Perugia. Ukikatika huo, mkuu wa serikali na mji mtakatifu hawaonani tena. Cheo cha eksarko kinaanza kutajwa mwaka 584, katika barua ya Papa Pelagius II, na barua yenyewe ni ya kulia shida: Roma haina walinzi, na eksarko anasema hata eneo lake mwenyewe analilinda kwa taabu.

Kwa hiyo usimwone Isaac kama mtawala aliyestarehe kwenye kiti akaingiwa na tamaa. Alipokea duka lenye madeni.

Deni kubwa lilikuwa mishahara ya askari. Hapa ndipo penye kiini cha swali lako, kwa hiyo nivumilie kidogo. Miaka ya 590 Papa Gregory Mkuu alimwandikia Constantina, mke wa kaisari, akamwambia kwamba kaisari ana mtunza hazina wake Ravenna wa kulipia gharama za jeshi za kila siku. Basi na yeye Gregory amekuwa mtunza hazina huko Roma, ila wa kuwalipa Walombardi ili wasiumize mji. Katika miaka hiyohiyo analalamika kwamba kikosi kimoja kilichoachwa Roma hakijapata mshahara na kinakubali kwa shida kulinda kuta. Soma hayo mawili kwa pamoja uone yanasema nini. Pesa za serikali hazifiki kwa wakati, na Kanisa ndilo lenye akiba, ndilo linaloziba pengo. Polepole watu wa Roma, askari wakiwemo, wakazoea kutazama upande wa Laterano wanapotafuta posho, kama mfanyakazi anavyotazama mlango wa karani mwisho wa mwezi.

Halafu hali ikazidi. Mwaka 615 kaisari Heraclius, akiwa amebanwa na Waajemi, alikata malipo ya serikali kwa nusu. Muda mfupi baadaye eksarko John aliuawa palepale Ravenna pamoja na maofisa wake. Mrithi wake Eleutherius aliwaua waliohusika, kisha akafanya jambo ambalo Kitabu cha Mapapa, yaani mkusanyo wa maisha ya mapapa ulioandikwa na makarani wa Roma, kinalitaja kwa maneno machache sana: aliwalipa askari posho yao, na amani ikawa Italia nzima. Sijaona maelezo mafupi na ya kweli zaidi kuhusu utawala wa Bizanti nchini humo. Mkono mtupu haulambwi. Eleutherius mwenyewe hakudumu. Mwaka 619 alijitangaza mtawala, akashika njia kwenda Roma, na askari walewale wakamuua njiani wakapeleka kichwa chake Konstantinopoli.

Isaac alikuja mwaka 625 hivi. Alikuwa Mwarmenia wa ukoo mkubwa, aliyepigana mashariki kabla ya kuletwa magharibi. Miaka yake ya kwanza imeacha habari chache. Kuna kisa kimoja nitakusimulia kwa sababu kinaonesha aina ya kazi aliyokuwa nayo, ingawa wasimulizi wenyewe hawapatani. Fredegar, mwandishi wa Wafranki, anasema kwamba dola lilikuwa likiwalipa Walombardi ratili 300 za dhahabu kila mwaka. Kwa hesabu ya ratili moja kutoa sarafu 72, hizo ni sarafu 21,600, za kumtuliza adui tu. Mfalme wa Walombardi akamwambia Isaac: niulie Taso, mtawala mwasi wa Toscana, nami nitakupunguzia ratili 100. Isaac akamwalika Taso Ravenna kwa maneno matamu. Alipofika, akamtumia ujumbe kwamba, kwa kumwogopa kaisari, hathubutu kuwaingiza mjini watu wenye silaha, waziache nje. Wakaziacha, wakaingia, wakauawa. Paulo Shemasi, mwanahistoria wa Walombardi aliyeandika karne moja na nusu baadaye, anasimulia kisa cha namna hiyohiyo kuhusu Taso wa Friuli, lakini muuaji ni mkuu mwingine wa Kirumi, Gregory, na mahali ni mji wa Oderzo. Katika masimulizi yake Gregory alikuwa amemwapia kijana kwamba atamnyoa ndevu, kama desturi ilivyokuwa, na kumfanya mwanawe. Walipokwisha kumuua, aliagiza kichwa kiletwe, akakinyoa ndevu ili kiapo kisivunjike. Mimi napima kwamba Fredegar amesikia uvumi wa kweli akauweka kwa jina la eksarko aliyemjua. Hata hivyo, hesabu ya ratili 300 kwa 200 inakuambia watu wa wakati ule waliamini eksarko angeweza kuua kwa ajili ya nini.

Sasa twende Laterano.

Tarehe 12 Oktoba 638 alikufa Papa Honorius I. Alikuwa mjenzi. Alivisha fedha mlango mkubwa wa kati wa kanisa la Mtakatifu Petro, ratili 975 kwa mlango mmoja, zaidi ya kilo 300 kwa vipimo vyetu. Aliezeka kanisa hilo kwa vigae vya shaba vilivyobanduliwa, kwa idhini ya kaisari, kwenye hekalu la kale la Roma. Mwumini aliyeingia pale alimshukuru Mungu. Askari mwenye deni dukani, aliyepita mbele ya mlango ule kila Jumapili, huenda alikuwa na hesabu nyingine kichwani.

Papa mteule alikuwa Severinus, lakini mteule hakuweza kuwekwa wakfu bila kibali cha kaisari, na kibali hakikuja. Konstantinopoli ilikuwa imetoa tamko la imani lililoitwa Ekthesis, lililosema Kristo ana utashi mmoja, na wajumbe wa Severinus walitakiwa wakubali kwamba bwana wao atalitia saini. Wakavuta muda. Kwa hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja Roma ilikuwa na Papa ambaye bado si Papa. Na huko mashariki Waarabu walikuwa wamelivunja jeshi la Heraclius Yarmuk mwaka 636, wameichukua Shamu na Yerusalemu, na mwishoni mwa 639 wakaingia Misri, ghala la dola. Kama kuna mwaka ambao eksarko hakuwa na haja ya kungojea pesa kutoka kwa mkubwa wake, ni huo.

Roma palikuwa na ofisa aliyeitwa Maurice, mwenye cheo cha kartulario, mtu wa nyaraka na fedha za jeshi. (Angalia usichanganye: Maurice mwingine alikuwa mkuu wa majeshi ya Venetia wakati huohuo, na kaisari wa siku za Gregory naye ni Maurice. Jina lilikuwa na bahati.) Huyu kartulario alisimama mbele ya askari akawauliza: kuna faida gani kwa pesa zote alizorundika Honorius Laterano, wakati jeshi hili halipati kitu? Hata posho zenu ambazo kaisari alikuwa akituma, yule mtu mtakatifu amezifungia mle.

Kama dai hilo la mwisho lilikuwa la kweli, Kitabu cha Mapapa, kinachotusimulia kisa hiki, hakisemi. Kinamwita Maurice mwenye hila basi. Lakini nimeshakueleza kwa nini liliaminika. Kwa miaka hamsini Kanisa lilikuwa likipokea, likitunza na kulipa. Askari wa kawaida hakuwa na njia ya kujua ni mfuko upi wa Papa na upi wa kaisari. Na mwenye njaa hana miiko.

Wakaja na silaha, anasema mwandishi, kuanzia kijana hadi mzee. Wakashindwa kuingia kwa sababu watu wa Severinus walizuia mlango. Wakajifungia humohumo kwenye eneo la jumba, wakalala siku tatu. Siku ya tatu Maurice akaingia pamoja na wakuu wa serikali waliokuwa wa shauri lake. Hapo hakupora. Tazama alichofanya, maana ni kitendo cha mtu wa ofisi hasa: alitia muhuri. Akaziba kwa lakiri chumba cha hazina na vyombo vyote vilivyomo, vitu vilivyotolewa na makaisari na matajiri kwa wokovu wa roho zao, vya kuwagawia maskini na kukomboa mateka. Kisha akamwandikia Isaac: kazi imekwisha, njoo uchukue bila tabu.

Isaac akaja kutoka Ravenna. Kwanza aliwahamishia wakuu wa makasisi miji mbalimbali, asibaki mtu wa kusimama mlangoni. Baada ya siku chache akaingia Laterano, akakaa siku nane hadi wakamaliza kila kitu. Sehemu ya mali akampelekea Heraclius.

Mara nyingi wanafunzi wananiuliza kama Isaac alitumwa au alijiamulia. Jibu langu ni kwamba lile fungu la Konstantinopoli linatosha. Mwizi wa kujitegemea hamtumii tajiri yake risiti. Tena Heraclius mwenyewe ndiye aliyefungua njia: mwaka 622, alipokuwa akijiandaa kuwashambulia Waajemi, alichukua vyombo vya dhahabu na fedha vya makanisa ya Konstantinopoli, vikayeyushwa kuwa sarafu za kulipia vita. Lakini kule Patriarki Sergius alikubali, na mali ikaandikwa kuwa mkopo. Laterano hapakuwa na mkopo wala makubaliano. Palikuwa na mteule asiye na kibali, askari wenye hasira, na makasisi waliokwisha kupandishwa kwenye farasi kwenda uhamishoni. Wapo wanaosema uporaji ulikuwa mbinu ya kumbana Severinus asaini Ekthesis. Haikosi ilisaidia kutisha, ila mimi siioni kama sababu. Saini haikupatikana, na Severinus aliwekwa wakfu vilevile, tarehe 28 Mei 640. Tarehe 2 Agosti akafa. Upapa wa miezi miwili, baada ya kungojea miezi kumi na tisa.

Je, Isaac alifaidika? Kwa muda. Huko kaskazini mambo yalikuwa yanakwenda kwa jina lake: kwenye kisiwa cha Torcello, karibu na Venezia, kuna jiwe la mwaka 639 linalosema kanisa la Mama wa Mungu limejengwa kwa amri ya Isaac, eksarko na patrisio (cheo cha heshima cha dola), kwa ajili ya stahili zake na za jeshi lake. Jeshi tena, unaona? Hata katika kuweka wakfu kanisa hakuweza kulisahau.

Lakini alikuwa amewafundisha askari wa Roma somo baya. Walikuwa wameonja. Miaka michache baadaye, Papa Theodore akiwa kitini, Maurice yuleyule aliwakusanya tena wale walioshiriki Laterano, akawatumia watu ngome zote za kuizunguka Roma, wakala kiapo cha kutomtii Isaac kamwe. Sababu aliyotoa: Isaac anataka kujifanya mfalme. Baada ya Eleutherius, shtaka hilo halikuhitaji ushahidi.

Isaac alimtuma jenerali Donus na jeshi. Donus alipofika Roma, wale wakuu na askari waliomwapia Maurice walihofu, wakamtupa, wakahamia upande wa pili kwa mkupuo mmoja. Maurice akakimbilia kanisani kwa Bikira Maria, lile linaloitwa leo Santa Maria Maggiore, akatolewa humo. Yeye na wenzake wakavishwa makongwa ya chuma shingoni wakapelekwa Ravenna. Isaac hakutaka aingie mjini akiwa hai. Maili kumi na mbili kabla ya kufika, mahali palipoitwa Ficuclae, ambapo leo ni Cervia, mji wa chumvi, alikatwa kichwa. Kichwa kikaingia Ravenna, kikachomekwa kwenye mti katika uwanja wa michezo, watu wote wakione.

Wenzake wakabaki gerezani na makongwa yao, Isaac akifikiria awape adhabu gani. Akiwa bado anafikiria, akafa. Mwandishi wa Roma hafichi furaha yake: ni Mungu aliyempiga. Wafungwa wakafunguliwa, kila mtu akarudi kwao.

Hiyo ilikuwa mwaka 643 hivi, na katika miaka hiyohiyo Rothari, mfalme wa Walombardi, alichukua pwani yote ya Liguria kuanzia Luni hadi mpaka wa Wafranki, akauvunja mji wa Oderzo, na akapigana na jeshi la Ravenna kando ya mto Scultenna, ambao siku hizi ni Panaro, unaoupita ukitoka Bologna kwenda Modena. Paulo Shemasi anasema upande wa Warumi walianguka 8,000. Namba za waandishi wa zamani huzidi chumvi, lakini Liguria ilipotea moja kwa moja.

Basi turudi kwenye kifuniko. Kinasema kwamba hapa amelala aliyekuwa jemadari kwa uhodari, aliyeilinda Roma na magharibi bila madhara kwa mara tatu miaka sita, kwa ajili ya mabwana zake: Isaac, msaidizi wa wafalme, pambo kuu la Armenia yote. Kisha kinaendelea kuhusu mkewe Susanna, anayelia bila kukoma kama hua aliyefiwa na mwenzake. "Bila madhara" ni neno la mjane na la jimbo lililomzika, na ukilipima na Liguria halisimami. Ukilipima na Roma, linasimama: katika miaka yake kumi na minane hakuna Mlombardi aliyeingia Roma. Aliyeingia ni yeye. Na kwa "mabwana zake" mshairi amesema kweli tupu, kwa maana katika cheo kile ambacho John aliuawa na Eleutherius akaasi, Isaac alikufa akiwa bado mtumishi wao.

Siku ukirudi San Vitale, usiishie kwenye maandishi. Jeneza lenyewe ni la karne ya tano, lilichongwa muda mrefu kabla ya Isaac kuzaliwa, kwa ajili ya mtu mwingine, kisha likapewa kifuniko kipya. Ravenna walifanya hivyo mara nyingi, marumaru nzuri ilikuwa ghali. Zunguka uone pande zake fupi, Danieli kati ya simba na Lazaro akifufuliwa. Halafu simama mbele. Ni wale Mamajusi watatu, nguo zao zikipeperuka kwa mwendo, kila mmoja amenyoosha mikono na zawadi yake kumpelekea mtoto aliyeketi juu ya magoti ya mama yake.